Jinsi ya Kuchagua Mashine ya Kusaga Kahawa Dozi Moja Moja kwa Espreso ya Nyumbani

Espreso hukamuliwa kwa maji ya moto yanayosukumwa kwa shinikizo la baa 9 hivi, na maji hayo yana takriban nusu dakika tu ya kupita kwenye kahawa iliyoshindiliwa. Kinachoyazuia yasipite mbio ni unga wenyewe. Ukiwa na chenga, maji yanapenya kwa sekunde 12 na kikombe kinatoka chachu, chepesi. Ukiwa laini kupita kiasi, yanadondoka tone kwa tone na unaishia na uchungu. Ndiyo maana anayepanga bajeti ya espreso ya nyumbani afadhali aanze na mashine ya kusagia, kisha kinachobaki akinunulie ya kukamulia. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa ile ya kukamulia ndiyo inayong'aa na ndiyo wageni watakayoisifu.

Mashine ya dozi moja moja ni ile isiyo na kikasha cha kuhifadhia punje juu yake. Unapima punje za kikombe kimoja, mara nyingi gramu 16 hadi 20, unazimimina, zinasagwa zote, na mashine inabaki tupu mpaka kikombe kijacho. Mtindo huu ulipata nguvu baada ya mwaka 2013, Matt Perger alipopanda jukwaa la mashindano ya dunia ya barista akiwa na EK43 ya kampuni ya Kijerumani ya Mahlkönig, jitu la mashine lenye visagio (vipande vya chuma vyenye meno vinavyosaga punje) vya milimita 98. Mwaka 2017 Niche Zero, iliyobuniwa Uingereza, ikaleta wazo hilo kwenye meza ya jikoni. DF64 na ndugu zake za bei nafuu zikafuata, na leo orodha ni ndefu kiasi cha kumchanganya mnunuzi. Vipimo vinavyopigiwa debe zaidi, hasa kipenyo cha visagio, mara nyingi si vile vitakavyoamua kama utafurahia kikombe chako. Fuata mpangilio huu, na usiruke hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Angalia unavyokunywa

Mwenye mifuko miwili au mitatu iliyofunguliwa kwa wakati mmoja, mmoja wa asubuhi, mwingine usio na kafeini wa usiku, huyo ndiye aliyetengenezewa mashine hizi. Anahama kutoka kahawa moja kwenda nyingine bila kutupa punje. Anayehifadhi kahawa kwenye friza katika vichupa vya dozi moja naye yumo: anatoa kichupa, anasaga, basi.

Lakini nyumba inayokunywa kahawa ile ile mwezi mzima, vikombe sita mfululizo kabla watu hawajatoka kwenda kazini, itachoshwa na kupima mara sita. Kwao mashine yenye kikasha ni bora. Tena uzito wa punje zilizo juu huzisukuma zile za chini ziingie kwenye visagio kwa mwendo ulio sawa, faida ambayo mashine za dozi moja moja zinaikosa na kuihangaikia kwa mbinu nyingine. Ikiwa ndivyo mnavyokunywa, acha kusoma hapa na uokoe pesa zako.

Ukiendelea, jiulize unapenda kahawa iliyokaangwa kiasi gani. Punje iliyokaangwa kidogo ni ngumu. Huihenyesha mota dhaifu mpaka ikakwama, na humchosha mkono anayesaga kwa mpini. Iliyokaangwa sana huvunjika kirahisi na karibu mashine yoyote nzuri itaimudu. Jibu hili litarudi kwenye hatua ya 4 na ya 6, kwa hiyo liandike mahali.

Halafu kuna swali la kahawa ya kuchuja. Kama mashine hiyo hiyo itasaga espreso asubuhi na kahawa ya kuchujia kwa karatasi mchana, utakuwa unazungusha kirekebishi, kile kinachopanga ulaini wa unga, mbele na nyuma kila siku. Hapo utahitaji kirekebishi chenye namba zinazosomeka na kinachorudi pale pale ulipokiacha. Kuna wanaoamua kuwa na mashine mbili, na mimi nawaunga mkono ikiwa ya pili ni ya mkono ya bei ya chini.

Hatua ya 2: Kagua mashine ya kukamulia uliyo nayo

Toa chujio lililo ndani ya kile kishikio chenye mpini, ulielekeze kwenye mwanga. Ukiona tundu moja dogo tu chini badala ya mamia ya vitundu, hilo ni chujio lenye kuta mbili. Limetengenezwa kuzalisha shinikizo lenyewe hata kwa unga wa dukani, hivyo litaficha ubora wote wa mashine mpya ya kusagia. Badilisha chujio kwanza, uweke la ukuta mmoja. Ni kifaa cha bei ndogo, na bila hicho hatua zote zinazofuata ni kazi bure.

Pima pia kipenyo cha kishikio. Mashine nyingi zinafuata milimita 58, lakini zipo za nyumbani zenye 54 na 51. Kikombe cha kupokelea unga kinachokuja na mashine ya kusagia mara nyingi kimechongwa kwa ajili ya 58. Kikiwa kipana kuliko kishikio chako, unga utamwagika mezani kila asubuhi.

Na soma kibandiko cha umeme. Mashine iliyoagizwa kutoka nchi ya volti 110 haitapona kwenye soketi ya volti 230. Hata volti zikilingana, baadhi ya mota zilizopangiwa umeme wa hezi 60 huzunguka polepole zaidi kwenye hezi 50.

Hatua ya 3: Kirekebishi kabla ya kitu kingine chochote

Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kuhusu mashine nisiyoijua, lingekuwa hili: kila mguso wa kirekebishi unasogeza visagio kwa umbali gani?

Kwenye espreso, badiliko la maikroni (elfu ya milimita) 10 au 20 tu kati ya visagio linatosha kubadilisha muda wa kukamua kwa sekunde kadhaa. Mashine yenye vituo, ile inayotoa mlio wa "klik" kila ukiizungusha, ikiwa na vituo vilivyo mbali itakuacha umekwama kati ya viwili: hapa kikombe kinatoka kwa sekunde 20, pale kinatoka kwa 40, na katikati hakuna pa kusimama. Angalia tofauti za mashine za mkono zinazojulikana. Comandante C40 inasogea takriban maikroni 30 kwa kituo, ndiyo maana kuna kifaa cha nyongeza kinachoigawa hatua hiyo mara mbili. JX-Pro ya 1Zpresso inasogea 12.5, na J-Max ya kampuni hiyo hiyo 8.8. Hizo mbili za mwisho zilifikiriwa kwa espreso. Ya kwanza ilifikiriwa kwanza kwa kahawa ya kuchuja.

Mashine zisizo na vituo huondoa tatizo hili, kwa kuwa unaweza kusimama popote. Ila nazo kazishike kwa mkono kabla ya kulipa. Kirekebishi kilicholegea husogea chenyewe kwa mtikisiko wa mota, na utajikuta unalaumu kahawa. Kizuri hutoa ukinzani ulio sawa mzunguko mzima, na alama zake zina nafasi ya kutosha kati yake. Kirekebishi ambacho espreso yote, kuanzia kahawa iliyokaangwa kidogo hadi iliyokaangwa sana, inakaa ndani ya upana wa ukucha mmoja kitakusumbua hata kama hakina vituo.

Jihadhari na neno "hadi espreso" kwenye maelezo ya mauzo. Mashine kadhaa za umeme zinaweza kufika kwenye ulaini wa espreso lakini haziwezi kutembea ndani yake, yaani kusogea kidogo kidogo. Kufika na kutembea ni mambo mawili tofauti.

Hatua ya 4: Visagio, koni au bapa

Visagio ni vipande viwili vya chuma vyenye meno: kimoja kimetulia, kingine kinazunguka. Vya koni vina kimoja kilichochongoka kinachozunguka ndani ya pete. Vya bapa ni visahani viwili vinavyotazamana, punje zikiingia katikati na kutupwa nje ukingoni.

Hakuna kisagio kinachotoa chembe za ukubwa mmoja. Kila mara kuna chembe za ukubwa uliokusudia na kuna vumbi laini linalotokea punje inapopasuka. Kwa kawaida visagio vya koni huacha vumbi zaidi, na vumbi hilo ndilo linaloipa espreso uzito mdomoni, ladha za chokoleti na karanga zikakaa pamoja. Visagio bapa vingi, hasa vilivyochongwa kwa mtindo wa kisasa, hupunguza vumbi na kutenganisha ladha: tunda linasikika kama tunda, ua kama ua, lakini kikombe kinakuwa chepesi na hakisamehi makosa ya kushindilia.

Kwa hiyo rudi kwenye jibu lako la hatua ya 1. Unakunywa kahawa iliyokaangwa sana, aghalabu na maziwa? Nunua koni, na usimsikilize anayekwambia utapitwa. Niche Zero ina koni ya milimita 63 na haijazuia mtu kupata kikombe kitamu. Unapenda kahawa iliyokaangwa kidogo, unainywa bila kitu? Tafuta bapa, kuanzia milimita 64. Ukubwa huo una faida nyingine: kampuni kama SSP ya Korea Kusini hutengeneza visagio vya milimita 64 vya mitindo mbalimbali, kwa hiyo unaweza kubadilisha tabia ya mashine baadaye bila kununua mashine nyingine.

Vipi kuhusu 83 au 98? Visagio vikubwa husaga haraka na vinahitaji mota na mwili mzito wa kuvishika vilingane. Nyumbani, visagio vya 64 vilivyokaa sambamba vitavishinda vya 83 vilivyopinda. Ulinganifu ndio unaostahili kuulizwa, na karibu hakuna tangazo linaloutaja.

Kasi ya mota nayo huzungumzwa sana. Niche Zero huzunguka mara 330 kwa dakika, mashine nyingi za bapa huzidi 1,000, na nyingine hukuruhusu kuchagua. Kasi ndogo hupunguza kelele na vumbi kiasi. Ni raha kuwa na uchaguzi huo, lakini nisingeongeza pesa nyingi kwa sababu yake peke yake.

Hatua ya 5: Mabaki, na hesabu inayodanganya

Kila muuzaji wa mashine hizi atakwambia mabaki ni sufuri. Atakuonyesha mizani: gramu 18.0 zimeingia, 18.0 zimetoka. Hesabu imekamilika. Kweli?

Fikiria pembe ndani ya mashine yenye nafasi ya gramu 2 za unga. Mara ya kwanza unapotumia mashine mpya, unaweka 18 na zinatoka 16. Mbili zimekwama pale kwenye pembe. Mara ya pili unaweka 18, na zinatoka 18 kamili. Mizani imeridhika, lakini ndani ya hizo 18 zipo 2 za jana, na 2 za leo zimechukua nafasi yake. Uzito ukilingana unaonyesha tu kwamba pembe imejaa. Anayebadilisha kahawa kila siku anakunywa mchanganyiko bila kujua, na kahawa ya jana iliyokwisha kusagwa imepoteza harufu usiku kucha.

Kuna jaribio rahisi la kumbana muuzaji, au la kujifanyia nyumbani ndani ya muda wa kurudisha bidhaa. Saga dozi ya kahawa iliyokaangwa sana, nyeusi kabisa. Bila kusafisha, saga dozi ya kahawa iliyokaangwa kidogo na uipokee kwenye sahani nyeupe. Chembe nyeusi zitaonekana kwenye unga wa hudhurungi nyepesi, na wingi wake utakuambia ukweli ambao mizani inauficha. Nyeusi chache hazina neno. Zikiwa tabaka zima mwanzoni, mashine hiyo ni ya kikasha iliyovuliwa kikasha.

Mashine nyingi zina mvukuto juu yake, kile kifuniko cha mpira unachokibonyeza mara kadhaa mwishoni ili hewa isukume unga uliobaki. Mvukuto unafanya kazi. Lakini mashine inayoutegemea kabisa hutoa pumzi moja ya vumbi laini mwishoni, na lisipochanganywa vizuri na unga mwingine maji hujitafutia njia ya mkato. Nazipendelea zile ambazo njia ya unga ni fupi na imeelekea chini moja kwa moja, mvukuto ukiwa msaada tu.

Kiwango gani kinakubalika? Chini ya nusu gramu baada ya mvukuto, usiangalie tena. Ukibadilisha kahawa mara chache tu, hata gramu nzima haitakuumiza: saga gramu 2 za kahawa mpya na uzitupe, kisha endelea.

Hatua ya 6: Mkono au umeme

Kwa bei ile ile, mashine ya mkono hukupa visagio bora kuliko ya umeme, kwa sababu hujalipia mota. Mabaki ni karibu hakuna, kelele ni ndogo, na inaingia kwenye begi la safari. Gharama yake ni jasho: dozi ya espreso huchukua chini ya dakika kwa kahawa iliyokaangwa sana na zaidi ya hapo kwa iliyokaangwa kidogo. Mtu mmoja, vikombe viwili kwa siku, kahawa iliyokaangwa kiasi: mkono unatosha kabisa. Mwenye maumivu ya kifundo cha mkono au nyumba ya wanywaji wanne asijidanganye.

Hatua ya 7: Kero ndogo za kila siku

Umeme tuli hufanya unga urukie kuta, kikombe na shati lako. Dawa yake ni tone la maji kwenye punje kabla ya kusaga, kwa kichupa cha kupulizia au kwa mpini wa kijiko uliolowanishwa. Wapenzi wa kahawa wamelitumia kwa miaka, na Desemba 2023 jarida la Matter lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, uliofanywa na mkemia Christopher Hendon pamoja na wataalamu wa volkeno, ulioonyesha kwamba maji hayo kidogo hupunguza chaji ya umeme na kuzuia chembe zisigandamane, kiasi cha kubadilisha hata namna espreso inavyokamuka. Mashine mpya nyingine zina kifaa cha kutoa ioni chenye kazi hiyo hiyo. Usikifanye sababu ya kununua. Tone la maji ni la bure. Ila liwe tone: visagio vya chuma vinavyolowa kila siku huota kutu.

Punje za mwisho huruka juu kama bisi kwa kukosa uzito wa kuzikandamiza. Mfuniko au kisahani kidogo ndani ya mdomo wa mashine huzituliza, na vizuri kiwepo tangu kiwandani.

Mashine ifunguke bila vita. Ukihitaji bisibisi tatu kufika kwenye visagio, hutavisafisha. Nzuri ni ile inayofunguka kwa mkono na kurudi kwenye alama ile ile, ili usilazimike kutafuta mkamuo wako upya. Brashi kavu inatosha. Usisage mchele mbichi eti kusafisha, huo ni mgumu kuliko kahawa na watengenezaji wengine huuhesabu kuwa sababu ya kufuta dhamana.

Kelele, urefu chini ya kabati, rangi: angalia, amua, songa mbele.

Hatua ya 8: Ikishafika nyumbani

Kabla hujaweka punje, tafuta sufuri. Washa mashine ikiwa tupu na ulete visagio karibu polepole mpaka usikie mlio mwembamba wa chuma kugusa chuma, kisha rudi nyuma kidogo mara moja. Hapo ndipo sufuri yako ilipo, haijalishi namba iliyochapishwa inasema nini. Espreso itakuwa hatua chache kutoka hapo. Ukiwa na visagio bapa na udadisi, zima umeme, chomoa plagi, paka ukingo wa kisagio kwa kalamu ya ubao mweupe, kisha uzungushe kwa mkono hadi vigusane. Wino ukifutika pande zote, vimekaa sawa. Ukifutika upande mmoja tu na mashine iko ndani ya muda wa kurudishwa, irudishe. Kuinyoosha kwa vipande vya foili kunawezekana, lakini hukulipia kazi hiyo.

Anza na gramu 18 za unga, lenga gramu 36 kikombeni kwa sekunde 25 hadi 30. Kaza au legeza kirekebishi peke yake, dozi na uzito wa kikombe uviache palepale, mpaka muda ukae sawa. Kwa kahawa ngumu, washa mota kwanza ndipo umimine punje, kidogo kidogo, isije ikakwama. Kumbuka kwamba kumimina polepole hutoa unga wenye vumbi pungufu, kwa hiyo utahitaji kukaza zaidi. Chagua namna moja ya kumimina na uishike.

Visagio vipya vina makali mabichi. Katika kilo kadhaa za mwanzo muda wa kukamua utahamahama bila sababu unayoiona, kahawa ikiwa ile ile na mkono ule ule. Usihukumu mashine kipindi hicho, na usiagize visagio vingine. Vikishatulia, kaya inayosaga gramu 40 kwa siku hufikia kilo 15 hivi kwa mwaka, ilhali visagio vya chuma vya ukubwa huu hustahimili mamia ya kilo kabla ya kubutuka.